Kahawa ya Hajja Fauqia na Mrija wa Nesma

Hajja Fauqia alikuwa mtu wa kahawa. Alikunywa vikombe vinne kwa siku, na kila kikombe kilikuwa na saa yake. Cha kwanza kilikuwa baada ya sala ya alfajiri. Cha pili kilingoja mkate utoke tanurini. Cha tatu kilikuwa cha alasiri. Cha nne kilikuwa cha wageni, na nyumbani kwake Abu Tig, kusini mwa Misri, wageni hawakukosekana. Aliipika mwenyewe, polepole, juu ya jiko dogo la spiriti. Mtu aliyemharakisha aliambiwa aende akanywe chai.

Kila kikombe kilitiwa sukari. Juu ya hilo hakuwa na mzaha. Kwao, kahawa chungu hunywewa matangani. Aliwahi kuinywa mara nyingi, na mara moja kwa ajili ya binti yake mwenyewe, aliyefariki akiwa na miaka mitano. Tangu siku hiyo kahawa isiyo na sukari haikupikwa jikoni kwake.

Kopo la kahawa lilikuwa pia sanduku lake la dawa. Mtoto akijikata, Hajja alichukua unga wa kahawa kwa vidole viwili, akaubana kwenye kidonda, na damu ikakata. Aliwatibu hivyo wanawe wanne. Majirani nao walimjia, mmoja na kidole, mwingine na goti. Kwa miaka arobaini hakuna aliyewahi kurudi kulalamika.

Sasa alikuwa na mjukuu mgonjwa. Nesma alikuwa na miaka sita. Majira ya baridi yaliyopita alianza kuchoka ovyo na kutoka madoa ya damu chini ya ngozi. Huko Asyut, madaktari walisema ni saratani ya damu. Inatibika, walisema, lakini safari ni ndefu. Baba yake, Khalaf, alikuwa Kairo kwenye kazi za ujenzi. Kwa hiyo safari hiyo ilikuwa ya Inshirah, mama yake Nesma, na mama mkwe wake, Hajja Fauqia.

Mishipa ya mikono ya Nesma ilikuwa myembamba. Kila sindano ilimliza yeye, na ikamliza mama yake. Basi daktari akamwekea mrija laini kifuani. Mrija ulipita chini ya ngozi hadi ndani ya mshipa mkubwa ulio karibu na moyo. Nje ulibaki mkia mfupi wenye vichwa viwili, kila kimoja na kizibo chake. Dawa iliingilia humo, na damu ya kupima ilitokea humo. Nesma aliuita "mkia wangu". Inshirah alimshonea mfuko mdogo wa kitambaa, akamvisha shingoni, ili mkia usining'inie ukavutwa.

Pale mrija ulipotokea kwenye ngozi palifunikwa kwa plasta angavu, ya kuonyesha ndani. Sista alimwambia Inshirah maneno mawili makubwa. Plasta ikilowa, ikichafuka au ikibanduka, msingoje, njooni. Joto la mwili likifika thelathini na nane, msingoje wala msilishushe, njooni. Inshirah aliyashika. Hajja Fauqia siku hiyo alikuwa nyumbani, anaoka mkate.

Alhamisi moja Inshirah alikwenda kumtazama mama yake mzazi, aliyekuwa amevunjika mguu. Nesma alibaki na bibi. Kwa Hajja Fauqia, mtoto haingii Ijumaa bila kuoga. Akamkalisha kwenye beseni, akajitahidi maji yasifike kifuani. Lakini siku hiyo Nesma alikuwa na nguvu, na siku za namna hiyo zilikuwa chache. Alipiga maji kwa mikono yote miwili. Akamrushia bibi, bibi akacheka, akamrushia tena. Kufumba na kufumbua plasta ikawa imelowa chapachapa, na kona yake imeinuka.

Hajja alipokuwa akimkausha aliona pale penye mrija pamekuwa pekundu kidogo, na pana tone la majimaji. Angefanya nini, yeye na kopo lake? Alibandua plasta nusu, akanyunyiza kahawa kuuzunguka mrija, akaibandika tena kwa utepe wa dukani. Mkono ule ulijaa mapenzi, na hakuna anayebisha. Inshirah aliporudi mtoto alikuwa ameshavishwa na kulala, na hakuambiwa kitu. Hajja alijisemea kwamba mkwe wake ana ya mama yake ya kutosha, asimwongezee.

Jumamosi asubuhi Nesma aliyakataa maharage yake ya ful, chakula ambacho hakuwahi kukikataa. Alikuwa anatetemeka chini ya mablanketi mawili. Inshirah akamwekea kipimajoto kwapani. Kikasoma thelathini na nane na nusu.

Mama Sabrin, jirani wa mlango wa pili, alishauri apewe dawa ya maji ya homa. Joto lingeshuka, alisema, na Jumatatu walikuwa na miadi hata hivyo. Hajja Fauqia akaunga mkono, akisema ni baridi ya beseni tu. Inshirah alikuwa ameishika chupa ya dawa tayari. Huyu ni mwanamke mpole, ambaye kwa miaka minane hakuwahi kumpinga mama mkwe wake hata juu ya chumvi. Siku hiyo alirudisha chupa kabatini.

"Waliniambia nisingoje, mama," alisema. "Wala nisiishushe homa kabla hawajaiona."

Akampigia simu jirani mwenye gari. Hajja akavaa shela yake nyeusi akawafuata, huku moyo wake umeanza kumwambia jambo ambalo hakutaka kulisikia.

Wodini walipokewa na Sista Demiana. Alikuwa mwanamke mfupi, wa miaka arobaini na kitu, mwenye msalaba mdogo uliochanjwa kwenye kifundo cha mkono. Alitembea upesi bila kukimbia. Aliposikia mtoto ana mrija na ana homa, kitu cha kwanza alichotazama ni saa ya ukutani. Katika wodi ile, mtoto wa namna hiyo alipaswa kuwa ameanza dawa kabla ya saa moja kupita tangu aingie mlangoni.

Alinawa mikono, akavaa barakoa na glavu, akamgeuza Nesma uso upande wa pili. Kisha akainama kuitazama plasta. Hakuona ngozi. Aliona kitu cha kahawia, kimeshikana kama tope.

"Hiki ni nini, mama Nesma?"

Inshirah aliapa kwamba hajapagusa. Alipepesa macho, akajitetea, akaanza kujishuku mwenyewe. Hajja Fauqia alikuwa amesimama nyuma, karibu na mlango. Angeweza kunyamaza. Wangedhani ni uchafu, na lawama ingemwangukia mkwe. Alimtazama Inshirah akitafuta kosa lake lisilokuwepo, na hakuvumilia.

"Usimuulize huyo," alisema. "Ni kahawa. Mkono ni wangu."

Akajikaza angoje kufokewa. Sista Demiana hakufoka.

"Lini, Hajja?"

"Alhamisi. Plasta ililowa nikimwogesha."

"Kahawa tupu? Hukuchanganya na asali, wala mafuta?"

"Tupu."

"Umefanya vizuri kusema. Sasa najua ninachotafuta. Kaa hapo, nikimaliza tutaongea."

Hajja akakaa, na kwa mara ya kwanza akatazama kazi ya muuguzi kwa makini. Aliwahi kuona mafundi wengi maishani, wa kushona, wa kujenga, wa kuoka. Alijua fundi akimwona. Mikono ya Demiana haikugusa kitu kisichohitajika. Aliisafisha ngozi mpaka wekundu ukaonekana wazi, na usaha kidogo, akauchukua kwa kijiti cha pamba kwa ajili ya maabara. Akatoa damu kwenye mrija, na nyingine kwenye mkono, ili ijulikane vijidudu vimekaa wapi. Kisha dawa ya kuua vijidudu ikaanza kushuka. Inshirah alitazama saa. Zilikuwa zimepita dakika arobaini tu.

Daktari hakuwaficha. Alisema dawa za saratani zimeshusha chembe nyeupe za damu, zile zinazopigana na vijidudu. Kwa mtoto kama Nesma, kidonda kidogo kinaweza kuchafua damu nzima kwa siku moja. Kama uambukizi uko kwenye ngozi tu, dawa huenda ikautosha. Kama umeingia ndani ya mrija na hausikii dawa, mrija utatolewa, na tiba ya saratani itasimama mpaka apone. Majibu kamili ya damu yangechukua siku mbili au tatu. Hajja akashika chuma cha kitanda.

Alasiri Sista Demiana alikuja na vikombe viwili vya kahawa. Alikuwa mtu wa kahawa yeye pia, ila yeye aliinywa chungu, kama vijana wengi wa siku hizi na watu wa kazi za zamu. Hajja alipoinusa alijua haina sukari. Akarudi nyuma kwenye kiti.

"Niondolee, mwanangu," alisema. "Hiyo nilishainywa kwa mtoto wangu. Siinywi kwa huyu."

Demiana alielewa bila kuelezwa zaidi. Alikwenda akavimwaga vikombe vyote viwili, na chake pia. Aliporudi, Hajja alikuwa ameshaweka nadhiri. Hatagusa kahawa ya aina yoyote mpaka mrija wa Nesma utolewe kwa heri, kazi yake ikiisha. Inshirah alishtuka. Alimjua mama mkwe wake asipopata kikombe cha alfajiri. Na kweli, kesho yake kichwa kilimgonga, na wodi nzima ilipata habari.

Alasiri ile ile Demiana akavuta kiti. Hajja alikuwa na lake moyoni, akalitoa kwanza.

"Miaka arobaini natibu kwa kahawa. Hakuna aliyeoza."

"Goti la mtoto mzima hupona hata ulipake vumbi," alisema Demiana. "Mwili wake unapigana. Nesma sasa hana wapiganaji. Na hili si goti. Ni mlango unaokwenda moja kwa moja karibu na moyo. Kahawa haikuchemshwa, imeshikwa na mikono, imekaa kwenye kopo. Halafu ina ubaya mwingine. Imeufunika wekundu. Mama yake angepatazama Ijumaa, angeona nini?"

Hilo la pili ndilo lililomchoma Hajja. Alikuwa amemfumba macho Inshirah kwa mkono wake.

Demiana hakumwacha na aibu peke yake. Alimweleza kwamba zamani hata wao, wauguzi wa wodi ile, kila mmoja alikuwa na lake. Mmoja alirundika pamba. Mwingine alipaka ayodini mpaka ngozi ikababuka. Kila mmoja alisema ndivyo alivyofundishwa.

"Mimi nilikuwa wa marhamu," alisema. "Niliyapenda kama wewe na kahawa yako. Nilipaka kila mtoto."

"Ukaacha kwa nini?"

"Tulianza kuandika. Kila mtoto mwenye mrija, kila mwenye uambukizi, daftarini. Miezi sita, watoto kumi na mmoja waliugua. Tukasoma wenzetu wa mahali pengine walijaribu nini, nini kilisaidia na nini hakikusaidia. Tukachagua njia moja, sote, hakuna cha mkubwa wala mdogo. Miezi sita iliyofuata waliugua watatu. Marhamu yangu hayakuwa na shahidi, Hajja. Nikayaacha."

Watu wa kusema hivyo juu ya makosa yao wenyewe, mbele ya mgeni, si wengi. Hajja Fauqia alimheshimu tangu dakika ile.

Siku ya tatu asubuhi joto la Nesma lilishuka, likakaa chini. Majibu ya maabara yakaja. Vijidudu vilikuwa kwenye ngozi, damu ilikuwa safi. Mrija ungebaki. Inshirah alilia kimyakimya, akifuta machozi kwa ncha ya mtandio. Hajja hakulia. Alimwomba Demiana amfundishe kila kitu tangu mwanzo, kana kwamba hajawahi kushika mtoto.

Akafundishwa kwa kuonyeshwa. Mikono hunawiwa kwa sabuni mpaka kwenye vifundo, bila haraka. Hajja akauliza muda gani, maana hana saa. Demiana akamwambia asome Kulhuwallahu mara tatu, kwa utulivu. "Mimi nasoma Baba Yetu," alisema. "Tunamaliza pamoja."

Kubadilisha plasta kulibaki kazi ya muuguzi, lakini Hajja aliambiwa atazame ili ajue kazi nzuri inafananaje. Ngozi ilisuguliwa kwa dawa ya klorheksidini, mbele na nyuma, kwa nusu dakika. Kisha ikaachwa ikauke yenyewe. Hajja akainama apulize, kama alivyozoea kupuliza vidonda vya watoto. Demiana akaweka mkono katikati.

"Usipulize. Pumzi ina vijidudu. Dawa inaua wakati inakauka, tuipe nafasi yake."

Plasta mpya iliwekwa, na tarehe ikaandikwa juu yake. Plasta angavu hubadilishwa kila baada ya siku saba, na mara moja ikilowa au ikibanduka. Kizibo cha mrija nacho husuguliwa kwa pamba ya spiriti kwa sekunde kumi na tano kila kabla ya kuunganishwa na dawa, kikaachwa kikauke. Nyumbani hakuna anayekifungua. Mtoto huoshwa kwa kitambaa, kifua kikiwa kimefunikwa na kubaki kikavu. Kila siku mtu mmoja, mikono safi, apatazame bila kupagusa. Kama pana wekundu, uvimbe, maumivu au majimaji, ni safari. Homa, au mtoto akitetemeka baada ya mrija kutiwa dawa, ni safari. Demiana akamtaka ayarudie yote. Hajja hakujua kusoma herufi, lakini tarakimu alizijua kwa sababu ya simu. Akayarudia bila kukosea, akaongeza moja lake. Unga wa aina yoyote, mafuta ya aina yoyote, asali ya aina yoyote, hapana.

Abu Tig ikapata mlinzi. Hajja aliweka ndoo ya bomba, sabuni na taulo safi mlangoni, na hakuna aliyepita bila kunawa. Shangazi waliozoea kumbusu Nesma mashavu yote mawili walipewa mkono wa kwaheri kabla ya salamu. Mwenye kikohozi alisalimia akiwa uani. Mama Sabrin alimtania kwamba sasa amekuwa daktari, bado kuvaa koti jeupe tu. Hajja akamjibu kwamba koti liko kwa fundi, na wakati analingoja, anyooshe mikono.

Kisha ikaja Idi Kubwa. Nyumba ilijaa watu, nyama ilikuwa motoni, na Khalaf alikuwa amerudi kutoka Kairo na mwanasesere. Hajja alipopatazama pale penye mrija wa Nesma kama kila siku, aliona kona ya plasta imeinuka. Ilikuwa jasho la joto la siku ile. Ngozi ilikuwa safi. Hapakuwa na wekundu, wala homa.

Khalaf alisema wangoje kesho, watu ndio kwanza wamekaa kula. Inshirah aliangalia sinia, akamwangalia mama mkwe.

"Inuka ukaombe gari kwa jirani," Hajja alimwambia mwanawe. "Mara ya kwanza niliibandika mwenyewe. Unajua ilitufikisha wapi."

Wakaenda, na nyama ikapoa. Sista Demiana alikuwa zamu. Alibadilisha plasta kwa robo saa, akaandika tarehe, na ikawa imekwisha. Hajja akaona haya kidogo, kuwatoa watu kwenye karamu kwa kona ya plasta. Demiana akamwambia laiti kila familia ingemletea kona namna ile, kabla haijawa homa.

Miezi tisa baada ya siku ile ya kahawa, daktari alisema sehemu ngumu ya tiba imekwisha. Damu ya Nesma ilionekana safi. Ilibaki miezi ya vidonge na kwenda kliniki, na mrija haukuhitajika tena. Ukatolewa asubuhi moja. Nesma aliamka, akajipapasa kifuani, akauliza mkia wake uko wapi. Akaambiwa umestaafu.

Hajja Fauqia alikuwa amekuja na kikapu. Aliomba njia ya kwenda jikoni kwa wauguzi. Akatoa birika lake dogo la shaba, vikombe, na lile kopo. Katika ukumbi alipita karibu na bibi mwingine, mgeni kabisa, aliyekuwa amemshika mjukuu mwenye plasta mpya kifuani. Bibi huyo alikuwa na kichupa cha mafuta ya habasoda mkononi. Hajja aliweka kikapu chini, akakaa naye, na mpaka anainuka kile kichupa kilikuwa kimerudi kwenye mkoba na zipu imefungwa.

Jikoni alipika polepole, kama nyumbani. Sista Demiana alisimama mlangoni, saa ikimtazama. Akamkumbusha kwa upole kwamba yeye huinywa chungu.

"Najua," alisema Hajja Fauqia. "Kanywe hiyo siku nyingine."

Akatia kijiko cha sukari, kisha cha pili. Akamtazama Nesma aliyekuwa amekaa karibu na mlango kwenye kiti cha magurudumu, anaramba biskuti, na hana mrija. Akatia cha tatu. Machozi aliyoyazuia tangu siku ile ya homa yakamtoka mbele ya watu wote, wala hakuyafuta.

Sista Demiana akapokea kikombe kwa mikono miwili. Aliinywa yote, tamu vile vile, mpaka kwenye machicha. Ndipo Hajja akajimiminia yake.